Hesabu ya Hatua na Hesabu ya Nafsi

(Ifuatayo ni matini ya mada iliyotolewa na mwalimu wa madrasa mbele ya Waislamu wa Lupaso, wilayani Masasi, baada ya Swala ya Alasiri.)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.



Mada tuliyokusudia kuizungumza leo huenda ikaonekana ngeni kusikika msikitini. Tunakusudia kuzungumza juu ya simu inayohesabu hatua za mtu. Vijana wetu wanaporejea kutoka Mtwara na Dar es Salaam huja na simu janja zenye programu za kila namna. Ipo inayomwambia mtu ametembea hatua ngapi tangu alfajiri. Ipo inayomwambia amelala saa ngapi na amekunywa maji glasi ngapi. Ipo pia ambayo ndani yake mtu hutia alama kila anaposwali, kila anaposoma juzuu na kila anapofunga Jumatatu na Alhamisi. Baadhi ya wazee wameuliza: Je, huu si upuuzi tu wa kumaliza bando? Na baadhi ya vijana wameuliza: Je, kuna ubaya gani mtu kujiwekea hesabu?

Maswali yote mawili yana haki ya kujibiwa. Jibu letu kwa ufupi ni hili: kujihesabu ni jambo jema na lina asili kongwe katika dini yetu. Lakini hesabu ya simu si hesabu ya nafsi. Simu ni kama mizani. Mizani hupima gunia, wala haijui korosho zile ni za halali au za wizi. Atakayeitumia kama mizani atanufaika nayo, na atakayeifanya kuwa hakimu wake amejipunja mwenyewe.

MUHASABA SI JAMBO JIPYA

Katika Suratul-Hashr, aya ya 18, Mwenyezi Mungu ameamrisha kila nafsi iangalie ilichotanguliza kwa ajili ya kesho yake. Wanazuoni wameifanya aya hii kuwa msingi wa kile kinachoitwa muhasaba, yaani mtu kukaa na nafsi yake na kuihesabu. Aidha, imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) kauli mashuhuri ya kuwahimiza watu wazihesabu nafsi zao kabla hawajahesabiwa. Na alikuwapo Baghdad mwanachuoni aliyefariki mwaka 243 Hijria, Al-Harith bin Asad, ambaye kwa kushughulika kwake mno na jambo hili watu walimpa lakabu ya Al-Muhasibi.

Imam Ibnul-Qayyim naye amelipanga jambo hili kwa namna inayotufaa sana leo. Amesema kwamba muhasaba ni wa aina mbili: kabla ya kitendo na baada ya kitendo. Kabla ya kitendo, mtu husimama penye nia yake na kujiuliza kama jambo lile linastahiki kufanywa, na kama linafanywa kwa ajili ya nani. Baada ya kitendo, hujihesabu kwa ibada aliyoipunguza haki yake, kisha kwa jambo ambalo kuliacha kungekuwa bora kuliko kulitenda, kisha kwa jambo la mubaha au la mazoea: kwa nini amelitenda?

Ndugu zangu, litazameni hilo la mwisho. Kutembea, kulala, kula na kunywa ni mambo ya mazoea, na hayo ndiyo hasa yanayohesabiwa na programu za simu. Simu itamwambia mtu ametembea mara ngapi. Swali la Ibnul-Qayyim, kwa nini umetembea, haitaliuliza kamwe.

Sisi watu wa Masasi, Newala na Tandahimba hatuna haja ya kwenda mbali kupata mfano. Mkulima makini wa korosho hupima mzigo wake nyumbani kabla ya kuupeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Akifika kule anajua ana kilo ngapi, akapokea stakabadhi yake na kungoja mnada akiwa na utulivu wa moyo. Asiyepima nyumbani hupokea anachoambiwa. Hiyo ndiyo muhasaba: kupima mzigo wako hapa nyumbani, kabla ya kufika kwenye mizani isiyokosea. Na katika Suratul-Israa, aya ya 14, tumejulishwa kwamba siku hiyo mtu ataambiwa akisome kitabu chake mwenyewe, na nafsi yake itatosha kuwa mhesabu wake.

MWILI NI AMANA

Huenda mtu akasema: muhasaba wa swala na ulimi tunaufahamu, lakini hatua na usingizi vinaingiaje? Vinaingia kwa sababu mwili ni amana. Sahaba Abdullah bin Amr (R.A.) alipojitwika kufunga kila siku na kusimama usiku kucha, Mtume (S.A.W.) alimkataza na kumfahamisha kwamba mwili wake una haki juu yake, kama alivyopokea Imam Bukhari. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim tumefunzwa kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na katika kila mmoja wao kuna kheri.

Haki hiyo ya mwili leo inapotea kwa namna ambayo babu zetu hawakuijua. Mama zetu wa Newala walikuwa wakiteremka ukingo wa nyanda za juu za Makonde kutafuta maji bondeni, kisha wakaupanda mlima ndoo ikiwa kichwani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa afanye mazoezi. Leo, kwa neema ya Mwenyezi Mungu, sehemu nyingi maji yamesogea, na mwendo ambao zamani ulikuwa wa miguu sasa ni wa bodaboda. Mwenye duka huketi tangu asubuhi hadi usiku. Dereva wa bodaboda naye huketi juu ya pikipiki yake. Na sisi walimu wa madrasa, kwa kweli, huketi mkekani kutwa. Juu ya hayo, chai imejaa sukari na chakula kimejaa mafuta.

Matokeo yake yanaonekana katika zahanati zetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 juu ya magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulionesha kuwa takriban mtu 1 kati ya 4 ana shinikizo la juu la damu, na takriban watu 9 kati ya 100 wana kisukari. Maradhi haya humwendea mtu kimyakimya. Anaweza kukaa nayo miaka akajiona mzima, mpaka siku anapopooza upande mmoja au kupoteza nuru ya macho ndipo jamaa wanakimbizana kumpeleka Mkomaindo au Ndanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha kumtia joto na kuharakisha pumzi yake. Ukizigawa, ni dakika 30 kwa siku 5. Si jambo kubwa.

Katika hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametaja neema mbili ambazo watu wengi wamepunjika kwazo, nazo ni afya na wasaa. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni la sokoni: ni la mtu aliyeuza mali yake kwa bei ya kutupa. Nani asiyeijua kangomba katika mikoa yetu ya Kusini? Mkulima amebanwa na shida, msimu haujafika, akaja mchuuzi na bakuli lake akazinunua korosho zikiwa bado mtini. Mnada unapofika, wenzake wanapokea fedha naye hana kitu. Mtu anayeipoteza afya yake kwa uvivu na kwa ulafi ameuza msimu wake kwa kangomba.

SIMU INAHESABUJE?

Yafaa tufahamu kitu hiki kinavyofanya kazi, ili tusikitukuze wala tusikidharau bila ya elimu. Ndani ya simu janja mna kifaa kidogo mno kinachohisi mtikisiko. Mtu anapotembea, mwili wake hupanda na kushuka kwa mpigo unaofanana. Kifaa kinahisi mpigo huo, na programu huuhesabu kuwa hatua. Basi simu haioni miguu yako, bali inakisia kutokana na mtikisiko.

Kwa ajili hiyo hukosea. Barabara mbovu yaweza kuitikisa simu iliyo mfukoni mwa abiria ikamwandikia hatua asizozipiga. Kwa upande mwingine, mama aliyeiacha simu nyumbani akaenda kupalilia, akainama na jembe tangu macheo hadi jua la utosini, kisha akarudi na mzigo wa kuni kichwani, simu itamwandikia sifuri. Je, mama huyu hakufanya kazi? Kijana aliyezunguka uwanja mara mbili amsikitikie kuwa ni mvivu? Hapa ndipo tunapoona kwamba tarakimu ya simu ni ushahidi mdogo sana wa maisha ya mtu.

Kadhalika, wengi wanaamini kuwa ni lazima kufikisha hatua 10,000 kila siku, kana kwamba idadi hiyo imeteremshwa. Asili yake ni biashara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kufungwa kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Idadi hiyo ilikuwa nyepesi kutamkika na kukumbukika, ikaenea dunia nzima. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake wazee zaidi ya 16,000. Waliona kwamba waliotembea kiasi cha hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea kiasi cha 2,700, na kwamba faida hiyo iliendelea kuongezeka mpaka karibu na hatua 7,500, kisha ikatulia. Basi mzee asikate tamaa kwa kuwa hafiki elfu kumi. Hatua chache juu ya zile za jana zina kheri.

NYAYO ZINAZOANDIKWA

Ndugu Waislamu, kabla ya Wajapani kuuza kifaa chao kwa zaidi ya karne kumi na tatu, ilikuwapo jamaa moja ya Kianswari mjini Madina, Bani Salima. Makazi yao yalikuwa mbali na msikiti wa Mtume (S.A.W.), na palipopatikana nafasi karibu na msikiti walitaka kuhamia. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwataka wabaki kwenye makazi yao, akawajulisha kwamba nyayo zao zinaandikwa. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.). Na katika Suratu Yasin, aya ya 12, tunajulishwa kwamba yanaandikwa waliyoyatanguliza watu pamoja na athari zao.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mtu ambaye nyumba yake iko hatua 300 kutoka msikitini, akija na kurudi amepiga hatua 600. Kwa swala tano ni hatua 3,000. Mtu mzima hupiga takriban hatua 1,300 hadi 1,500 katika kilomita moja, basi huyu ametembea kilomita mbili au zaidi kwa siku, na kuanza kabla ya jua kuchomoza. Ameipa miguu yake haki yake, na kila hatua ina daraja yake kwa Mola wake. Lakini mtu huyohuyo akipanda bodaboda kuja kuswali, kisha jioni akatafuta uwanja wa kukimbilia ili simu yake imsifu, tumwambie nini? Hatumwambii ametenda haramu. Tunamwambia kuwa kheri mbili zilikuwa njia moja, naye akachukua moja.

Nia ndiyo inayoitenganisha hatua na hatua. Watu wawili wametembea pamoja hadi sokoni, simu zao zimeandika tarakimu moja. Mmoja amekwenda kumtafutia mama yake dawa, na mwingine amekwenda kumdhulumu yatima. Simu zimewasawazisha, lakini kwa Mwenyezi Mungu hawako sawa.

MFULULIZO UNAPOKATIKA

Programu nyingi za kujenga mazoea hutumia hila moja: zinahesabu siku zilizofuatana. Leo siku ya 12, kesho ya 13, na mtu huona uchungu kuuvunja mfululizo huo. Hila hii ina faida, kwani Bibi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba amali inayopendwa mno na Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, hata kama ni kidogo.

Lakini ina madhara yake. Kijana anaumwa homa siku mbili, mfululizo unarudi sifuri, moyo wake unavunjika na anaacha kabisa. Shetani hapati mlango mwepesi kuliko huu: kumwambia mja kwamba maadamu amekosa leo, basi yote yamekwisha. Watafiti wa London walichapisha mwaka 2009 uchunguzi juu ya watu 96 waliojaribu kujenga zoea jipya, kama kunywa maji wakati wa chakula au kutembea kidogo kila siku. Waliona kuwa muda wa zoea kukaa ndani ya mtu ulitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi siku 254, na wastani wake ulikuwa kama siku 66. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari nzima.

Sisi tunalifahamu hilo kwa njia iliyo bora zaidi. Aliyepitiwa na usingizi akakosa swala huiswali anapoamka. Aliyefungua Ramadhani kwa ugonjwa hulipa. Aliyeteleza hutubia. Mlango wa Mwenyezi Mungu haurudi sifuri kwa sababu ya siku moja. Basi kijana wangu, simu ikikuandikia sifuri, inuka uendelee. Usiiruhusu programu ikukatishe tamaa ambayo Mola wako amekukataza kuikata.

TARAKIMU IKIGEUKA KUWA SANAMU

Hapa tunafika penye hatari kubwa kuliko zote. Imepokewa na Ad-Darimi kwamba Abdullah bin Mas'ud (R.A.) aliwakuta watu wameketi kwa vikundi msikitini wakihesabu takbira, tahlili na tasbihi kwa vijiwe, kila kikundi na kiongozi wake. Aliwakemea kwa jambo walilolizusha, na akawaambia kwamba wahesabu madhambi yao, naye atawadhaminia kuwa hakuna chochote katika mema yao kitakachopotea.

Tuitafakari kauli hiyo. Hapana shaka kuhesabu tasbihi zilizopangiwa idadi baada ya swala ni Sunna, na Mtume (S.A.W.) alizihesabu kwa vidole vyake. Lakini Ibn Mas'ud (R.A.) ameuelekeza moyo mahali pake. Mema yako yana anayeyahifadhi, hayapotei. Unachopaswa kukihofia ni upande wa pili wa daftari. Sasa zitazameni programu hizi: aghalabu hukuhesabia mazuri peke yake. Hatua, kurasa, funga, pongezi na nyota. Hatujaiona programu inayomuuliza mtu jioni: umesengenya wangapi leo? Umempa mkeo neno jema? Deni la jirani umelilipa? Umempunja nani kwenye mizani? Mtu anaweza kulala ameridhika kwamba leo amekamilisha alama zote, ilhali mama yake amelala na kinyongo chumba cha pili.

Kisha ipo riya. Programu nyingi humshawishi mtu awaoneshe wenzake alichofanya. Kijana anakimbia kilomita tano, mara anaweka picha ya tarakimu zake mtandaoni. Hilo ni jambo la dunia, na likiwa kwa nia ya kuhimizana ni jepesi. Lakini anapoanza kuweka kurasa za Qur'ani alizosoma na rakaa za usiku alizosimama, na kungoja watu wangapi watamsifu, ameingia pabaya. Katika Sahihi Muslim tumehadithiwa habari za watu watatu watakaotangulia kuhukumiwa: aliyeuawa vitani, aliyejifunza elimu na kusoma Qur'ani, na aliyetoa mali. Wote watakuwa na amali kubwa za kuonesha, na wote wataangamia kwa kuwa walitaka wasemwe, na wamekwisha kusemwa. Tarakimu zao zilitimia. Kilichokosekana ni ikhlasi.

NANI MWINGINE ANALISOMA DAFTARI LAKO?

Jambo la mwisho, na hili wengi hawalijui. Daftari lako la karatasi liko chini ya mto wako. Daftari lililo ndani ya simu huenda linasomwa na watu usiowajua, kwani programu za bure mara nyingi hulipwa kwa taarifa za watumiaji wake. Mwezi Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla iliyokuwa imepakuliwa mara zaidi ya milioni 90 duniani, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kampuni hiyo ilikuwa ikiwauzia wakandarasi, na kupitia kwao zikafika katika jeshi la Marekani. Baada ya habari hiyo, wenye programu walitangaza kuvunja uhusiano na kampuni ile. Mtu alifungua simu kuitafuta kibla, na mwingine akapata kujua alipo.

Hata wenye siri kubwa wamefichuliwa. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo programu yake huandika njia za wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilitoa ramani ya dunia ya mienendo ya watumiaji wake. Mwezi Januari 2018 watu waligundua kuwa ramani hiyo inaonesha kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakifanya mazoezi na vifaa hivyo mikononi.

Sisi hatuna kambi. Lakini tuna sitara za nyumba zetu. Mwanamke anayeandika siku zake za hedhi katika simu, mgonjwa anayeandika kiwango cha sukari yake, kijana anayeandika dhambi anayojitahidi kuiacha, wote wameweka siri yao katika mikono ya mgeni. Mtume (S.A.W.) amewaonya wale ambao Mwenyezi Mungu amewasitiri usiku, nao wakaamka kuifunua sitara hiyo kwa midomo yao. Basi tusiifunue kwa vidole vyetu. Serikali yetu nayo imelitambua jambo hili: ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Sheria ni kinga, lakini kinga ya kwanza ni mwenye siri mwenyewe.

UTARATIBU TUNAOUPENDEKEZA

Kwa kuhitimisha, tunapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, asiye na simu janja asijione amekosa kitu. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Pigeni mistari ya safu nne: haki ya Mwenyezi Mungu, haki ya watu, haki ya mwili, na yaliyoharibika leo. Safu hiyo ya nne ndiyo iliyokosekana ndani ya simu.

Pili, mwenye simu atumie kipimo cha hatua kwa ajili ya mwili wake tu, na akiridhie kwa kadiri ya ukweli wake. Programu inapotaka kujua mahali ulipo, majina yaliyomo katika simu yako au picha zako, jiulize: kuhesabu hatua kunahitaji hayo? Ikiwa hakuhitaji, ikatalie. Mambo ya ibada na dhambi yabaki baina yako na Mola wako.

Tatu, anzeni na kidogo. Dakika kumi za mwendo baada ya Swala ya Alfajiri, kisha kumi nyingine baada ya Isha, badala ya kukaa barazani. Punguzeni sukari kijiko kimoja. Na mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea aende kituo cha afya kupima shinikizo la damu na sukari, kwani hivyo viwili simu ya mfukoni haiwezi kumpimia kwa kuhesabu hatua. Mgonjwa anayetumia dawa asiiache dawa yake kwa sababu simu imemsifu.

Nne, wazazi tusiwakemee vijana wetu kwa jambo ambalo ndani yake mna kheri. Kijana anayejihesabu hatua anaweza kufunzwa kujihesabu ulimi. Mlango umekwisha funguliwa. Kazi yetu ni kumwonesha chumba kilicho ndani zaidi.

Tano, kila mmoja ajitengee dakika chache kabla ya kulala, simu ikiwa mbali, ajiulize swali moja tu katika kila alilolitenda siku ile: kwa ajili ya nani?

Kijiji hiki cha Lupaso kinajulikana nchini kote kwa kumzaa Rais wa Awamu ya Tatu, marehemu Benjamin Mkapa, aliyeingia madarakani mwaka 1995 kwa kaulimbiu ya Uwazi na Ukweli. Kaulimbiu hiyo ilielekezwa kwa Serikali. Basi na tuielekeze kwa nafsi zetu, maana nafsi ndiyo serikali ambayo kila mmoja wetu ataulizwa juu yake peke yake, bila ya waziri wala katibu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie afya ya miili tuitumie katika twaa yake, atujaalie hatua zetu ziwe za kheri, azisitiri aibu zetu duniani na Akhera, na atupe wepesi wa hesabu siku ambayo kila mtu atakabidhiwa kitabu chake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.